Bahasha ya ubatizo: utoe kiasi gani kanisani hapa Uganda?

Gauni jeupe limeshanunuliwa soko la Owino, shangazi wa Mbale ametangaza kwamba anakuja na watu wake, keki imeagizwa, na bado swali moja linazunguka nyumbani bila jibu: kanisani tunapeleka ngapi? Baba mkwe anasema laki moja, tusije tukaaibika. Jirani anasema elfu kumi inatosha. Mwenzako wa kazini anasema ubatizo ni bure, atakayekudai pesa ni mwizi. Ukiwasikiliza vizuri, wote watatu wana ukweli wao, maana kila mmoja anazungumzia pesa nyingine.

Pesa tatu zinazochanganywa

Ya kwanza ni ya karatasi. Kadi ya ubatizo huchapishwa, daftari hununuliwa, na kuna mtu anakaa ofisini kuandika majina. Makanisa mengi yana ada ndogo kwa kazi hiyo na huitaja wazi. Ada hii haipimwi kwa ukarimu wako: unauliza, unalipa, unaomba risiti.

Ya pili ni sadaka yenyewe, shukrani kwa ajili ya mtoto. Hii ndiyo inayotusumbua, kwa sababu haina bei.

Ya tatu ni asante kwa watu: katekista aliyewakalisha wazazi na wasimamizi chini ya mwembe akawafundisha, kwaya iliyoimba, na padri au mchungaji mwenyewe. Hakuna anayekudai, lakini wengi wangependa kuitoa na hawajui waanzie wapi.

Ugomvi wa ubatizo nilioushuhudia, karibu wote ulianza pale pesa hizi zilipotajwa kwa jumla moja. Mzazi anaambiwa “elfu thelathini” na kuondoka akinung'unika kwamba kanisa limekuwa duka. Dawa yake ni kuuliza siku ya kuandikisha, kwa upole: “Mwalimu, katika hiyo elfu thelathini, ya kadi ni ngapi? Na iliyobaki ni ya lazima au ya hiari?” Katekista mwenye nia njema atakujibu mara moja. Akianza kuzungukazunguka, nenda ofisini kwa paroko ukaulize pale pale, ukiwa bado na muda.

Kuna na ya nne inayojipenyeza: zaka. Usishangae ukiulizwa kadi yako ya zaka unapokwenda kuandikisha mtoto. Zaka ni mjadala mkubwa hapa kwetu. Mwaka 2018 Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga wa Kampala alipendekeza serikali iwe inaikata kwenye mishahara ya waumini, akitoa mfano wa Ujerumani, na watu walibishana kwa wiki nzima kuanzia redioni hadi kwenye teksi. Lakini zaka ya wazazi ni habari ya wazazi. Kama una deni la zaka, panga namna ya kulilipa polepole. Usikubali ligeuzwe kuwa bei ya maji ya mtoto.

Katoliki na Anglikana

Kwa upande wa Kanisa Katoliki, sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni ya 848 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inamkataza mhudumu wa sakramenti kudai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka husika, na inamtaka aangalie daima kwamba maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini. Mamlaka hiyo si katekista wala kamati ya parokia. Kanuni ya 1264 inasema kiwango cha sadaka ya sakramenti hupangwa na maaskofu wa jimbo kuu na majimbo yaliyo chini yake wakiwa pamoja. Uganda ina kanda nne za namna hiyo: Kampala, Gulu, Mbarara na Tororo. Kwa hiyo dada yako aliyebatizia mtoto Tororo akikutajia kiasi, usiende kukitumia kama fimbo Kampala. Papa Fransisko naye, katika mahubiri yake ya Novemba 2014, aliwakemea wazi wanaotundika orodha ya bei za ubatizo na baraka milangoni mwa makanisa.

Kwa hiyo Mkatoliki ana mahali pa kushika: kama kuna kiwango kilichowekwa, kinajulikana ofisini, ukikitoa, wajibu wako umekwisha, na kinachoongezeka ni upendo wako tu. Ukitaka pia padri aombee familia katika misa, hiyo ni nia ya misa, ina sadaka yake na huandikwa pembeni. Usiingize zote katika bahasha moja halafu ukashangaa jina la marehemu babu halikusomwa.

Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana, limerithi mambo kwa njia nyingine. Bunge la Uingereza lilifuta kwa sheria ada za ubatizo katika Kanisa la Uingereza mwaka 1872, miaka mitano kabla ya wamisionari wa CMS, shirika la umisionari la Waanglikana wa Uingereza, kufika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877. Wazo la ubatizo usiolipiwa, basi, si uasi wa vijana wa siku hizi. Hata hivyo, kanisa la mtaa lina mgawo wa kupeleka dayosisi, lina mchungaji wa kutunza na bati la kuezeka, na sehemu kubwa ya hayo hutoka mfukoni mwa waumini. Ndiyo maana kwa Waanglikana uzito huangukia shukrani ya hadharani: baada ya mtoto kubatizwa, familia inaitwa mbele, wimbo unapigwa, ndugu wanajipanga nyuma ya wazazi na kila mmoja anaweka chake.

Hapo ndipo ninapoona tofauti halisi kati ya makanisa haya mawili kwa mzazi anayepanga bajeti. Kwa Wakatoliki, fedha nyingi za ubatizo hupita ofisini, kimya kimya, kabla ya siku yenyewe. Kwa Waanglikana hupita mbele ya macho ya watu. Njia ya ofisini inakulinda na majivuno, ila inaweza kukuacha hujui pesa imeingia mfuko upi. Njia ya hadharani inaonekana na kila mtu, na shangazi zako wanaichangia, lakini inakusukuma utoe noti ya 50,000 kwa sababu tu shemeji ametoa hiyo. Kwa shukrani ya hadharani ningesema: bahasha iliyofungwa, iliyojazwa nyumbani usiku wa jana yake, na mfukoni usibaki na noti kubwa ya kukushawishi.

Wengine, kwa kifupi

Waorthodoksi, ambao makao yao makuu yako Namungoona, hubatiza mtoto mchanga kwa kumzamisha mara tatu na humpaka krisma, mafuta matakatifu, siku hiyo hiyo. Gharama nyingi huwa ni vitu: msalaba, mshumaa, nguo nyeupe, taulo. Msimamizi ndiye huvibeba. Panga naye kwanza, halafu ufikirie bahasha.

Walokole na Wasabato hawabatizi watoto wachanga. Humweka mtoto wakfu na kumbariki. Kwa Wasabato mambo yamenyooka: kuna bahasha ya zaka na sadaka, unaandika kila kiasi mahali pake na unapata risiti. Makanisa ya kilokole yanatofautiana sana. Mengine hayataji pesa kabisa. Mengine yana mhubiri anayeita “mbegu” kwa viwango, wa laki tano wasimame, wa laki moja wasimame, na wewe uko mbele umebeba mtoto. Kwa kanisa la namna hiyo ushauri wangu ni mkavu: toa shukrani yako Jumapili inayotangulia, na siku ya kumweka mtoto wakfu nenda na mtoto tu.

Vipimo viwili

Tukishatenga ada ya kadi, sadaka ipimwe kwa nini? Nimesikia watu wakitumia vipimo viwili. Cha kwanza ni pato la siku moja: unachopata kwa siku, mpe Mungu siku moja ya mtoto huyu. Cha pili ni sehemu ya kumi ya gharama za sherehe: ukila kwa milioni, peleka laki. Nimeviweka sambamba kwa familia nne za kufikirika. Mishahara ya walimu iko karibu na ile ya serikali kabla ya kodi. Mengine ni makadirio yangu.

| Nyumba | Pato la siku | Kumi ya sherehe | Mimi ningetoa |
|---|---|---|---|
| Mwalimu wa msingi, karibu laki 5 kwa mwezi. Sherehe ya 300,000 | karibu 17,000 | 30,000 | 20,000 |
| Mwendesha boda anayebakiwa na 25,000 kwa siku. Sherehe ya 800,000, nyingi ni michango | 25,000 | 80,000 | 25,000 |
| Mwalimu wa sayansi wa sekondari, milioni 4 kwa mwezi. Sherehe ya 1,500,000 | karibu 133,000 | 150,000 | 150,000 |
| Muuza nyanya Busia anayebakiwa na 10,000. Chai na mandazi nyumbani | 10,000 | haipo | 5,000 na beseni la nyanya |

Tazama mstari wa mwendesha boda. Sherehe yake inaonekana kubwa kwa sababu kaka zake wametuma mbuzi na mjomba amelipia hema. Kipimo cha sehemu ya kumi kinamtoza kwa ukarimu wa watu wengine. Akitoa 80,000, amefanya kazi zaidi ya siku tatu bila kula. Kwake pato la siku ndicho kipimo cha haki.

Mwalimu wa sayansi ni kinyume chake. Sherehe ni ya mfuko wake mwenyewe, aliichagua, aliipamba. Mtu anayeweza kulipa keki ya ngazi tatu hawezi kulia njaa mbele ya kapu la sadaka. Kwake kipimo cha sherehe kinafaa, na kina faida ya pili: kinamfanya afikirie mara mbili kabla ya kuongeza ngazi ya nne kwenye keki.

Nikilazimika kuchagua kimoja kwa ajili ya watu wote, nachagua pato la siku. Hakihitaji kujua jirani alitoa nini, na hakipandi kwa sababu ya wageni. Kipimo cha sherehe kiwe nyongeza ya hiari kwa anayeilipia sherehe yake. Na kipimo cha tatu, kile cha “wenzetu walitoa ngapi”, sikukiweka kwenye jedwali makusudi. Ukoo una midomo mingi, na kila mdomo huongeza sifuri.

Noti, simu au jogoo

Noti ndani ya bahasha ndiyo njia ya kawaida. Andika juu yake jina la mtoto, jina la familia na neno moja la kueleza: “shukrani” au “kadi”. Bahasha isiyo na maandishi ikifika mezani kwa mhasibu, huhesabiwa pamoja na sadaka ya Jumapili na hakuna atakayejua ilikuwa ya nini.

Simu ni rahisi, hasa kwa msimamizi aliye Juba au Nairobi. Lakini angalia mambo mawili. Tuma kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, na usome jina linalotokea kabla ya kubonyeza namba ya siri. Ukipewa namba binafsi, hata ya mtu unayemheshimu, uliza kama kanisa lina namba yake. Jambo la pili ni makato: anayezitoa pesa kwenye simu kwa wakala hulipa ada ya mtandao na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5, yaani shilingi 500 kwa kila laki, kabla hata ya ada yenyewe. Ukitaka laki ifike ikiwa laki, ongeza ya kutolea.

Halafu kuna vitu, na hapa naomba nikae kidogo, maana watu wa mjini wamevidharau bila sababu. Jogoo, mkungu wa matoke, trei ya mayai, gunia la mahindi: katika makanisa mengi ya vijijini, na hata mjini, vitu hivi hunadiwa baada ya ibada. Mnada una hesabu yake. Mkungu ambao sokoni ungeuza 20,000 unaweza kupanda hadi 40,000 kwa sababu wanunuzi wawili wameamua kushindana mbele ya mchungaji, na wakati mwingine aliyeshinda humkabidhi padri mkungu huo huo aende nao nyumbani. Kanisa linapata mara mbili, nawe umetoa kitu kilichotoka shambani kwako bila kukopa. Kwa familia yenye shamba na isiyo na fedha taslimu, mnada unashinda bahasha waziwazi.

Una kasoro zake pia. Mnada huchukua muda. Mtoto analia, wageni wana njaa, na mnadi anafurahia sauti yake. Mwaka wa mavuno mazuri kila mtu analeta matoke na bei inaanguka. Na usipeleke mbuzi kwenye kanisa la ghorofani katikati ya Kampala bila kumwambia mtu kwanza.

Mkononi mwa nani?

Mzazi anapompa padri bahasha moja kwa moja, mara nyingi anadhani amempa yeye. Kwa Wakatoliki kanuni ya 531 inasema kinyume: sadaka inayotolewa wakati wa huduma ya kiparokia huingia mfuko wa parokia, isipokuwa nia ya mtoaji iwe dhahiri kuwa tofauti. Ukitaka kumshukuru padri mwenyewe, sema hivyo, au toa bahasha mbili zilizoandikwa. Kwa mchungaji wa Kianglikana fanya vivyo hivyo. Hakuna anayechukia uwazi.

Kwangu mimi, asante ya kwanza ingekwenda kwa katekista, au kwa msomaji wa kanisa la mtaa upande wa Waanglikana. Padri mara nyingi hufika siku ya ubatizo tu. Katekista ndiye aliyekuja kwa baiskeli kukagua kama wasimamizi wanastahili, kwa maana ya Kikatoliki wawe wametimiza miaka 16, wamepata kipaimara na wamepokea komunyo. Ndiye aliyewafundisha, ndiye aliyeandika majina. Wengi wao malipo yao ni madogo mno. Kama una 30,000 ya kugawa nje ya ada, mimi ningepeleka 20,000 kanisani na 10,000 kwake, ndani ya salamu ya mkono, bila maneno mengi.

Wasimamizi nao wasibebeshwe bahasha ya wazazi. Desturi huwapa vitu vya mtoto: mshumaa, nguo, rozari au Biblia. Ukimchagua msimamizi kwa sababu ana gari, utapata gari.

Jumapili ya pamoja au siku yako peke yako

Parokia nyingi hupanga Jumapili maalumu ya kubatiza watoto wengi kwa mkupuo, na Pasaka na Krismasi foleni huwa ndefu. Siku hiyo gharama ya kanisa kwa mtoto mmoja ni ndogo: padri yuko, kwaya ipo, maua yapo. Ada na pato lako la siku vinatosha kabisa.

Ukiomba Jumamosi yako peke yako kwa sababu ndege ya mjomba inatua Entebbe Ijumaa, hesabu inabadilika. Umemtoa mhudumu kwenye ratiba, umeita wanakwaya, umewasha jenereta. Lipa mafuta na chakula cha watu hao kama gharama, mbali na sadaka. Ila kumpeleka padri nyumbani kwako akabatizie sebuleni, hilo kwa Wakatoliki halinunuliki: kanuni ya 860 hairuhusu ubatizo majumbani nje ya dharura, isipokuwa askofu amekubali kwa sababu nzito. Akikubali mtu kukufanyia kwa sababu ya bahasha nene, umeshajua amekiuka nini.

Asiye na kitu

Familia ya Kikongo iliyoko makazi ya wakimbizi ya Nakivale ikiishi kwa mgao, au mjane wa askari aliyebaki pembeni ya kambi na watoto wanne, haina sherehe ya kuigawia kumi wala pato la siku la kuhesabu. Hapo jibu si kutafuta mkopo. Ni kumwambia katekista ukweli: “Mwalimu, hatuna, lakini mtoto tunataka abatizwe.” Kwa Mkatoliki kanuni ya 848 imeandikwa kwa ajili yake hasa, na anaweza kuitaja kwa jina. Anayetaka kutoa kitu ana mikono: kufagia kanisa, kufua vitambaa vya altare, kuimba. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, pale Munyonyo, Karoli Lwanga alimbatiza Kizito, kijana wa miaka kama 14, pamoja na wenzake waliokuwa bado wanafundishwa, huku Kabaka Mwanga akijiandaa kuwahukumu. Hakuna aliyetoa hata simbi, na kila tarehe 3 Juni nchi nzima hufunga kazi kuwakumbuka kama Mashahidi wa Uganda.

Kadi ikizuiwa kwa sababu ya pesa, omba angalau ubatizo uandikwe kwenye daftari siku hiyo hiyo. Kadi inaweza kufuata baadaye. Daftari likiachwa tupu, kumbukumbu za mashahidi hufifia.

Kabla hujaondoka ofisini

Soma kadi pale pale, mtoto akiwa bado mikononi. Jina la mtoto liendane na la cheti cha kuzaliwa cha NIRA, mamlaka ya serikali ya usajili na vitambulisho, ambacho ni kitu kingine kabisa na kadi haikibadilishi. Angalia tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo, majina ya wazazi na wasimamizi, namba ya daftari, sahihi na muhuri. Kadi hiyo itadaiwa kabla ya komunyo ya kwanza, kabla ya ndoa, na shule nyingine za misheni huiomba. Kusahihisha herufi moja leo ni kazi ya dakika mbili. Baada ya miaka ishirini, paroko akiwa ameshahama mara tano, ni safari na barua. Piga picha ya kadi na ya risiti, mtumie msimamizi, kisha waiteni wageni kwenye chakula.